Yule mwanamke mwenye kwato alikuwa anaenda wapi?

Mjomba wangu aliendesha lori karibu miaka 30, kutoka bandarini Mombasa mpaka Nairobi na wakati mwingine mpaka Malaba, na kila Disemba tukipatana ushago kuna stori moja lazima angeitoa. Ni usiku, saa nane hivi, amepita Mackinnon Road na bado hajafika Maungu, taniboi, msaidizi wake wa lori, amelala, kuna kamvua kale kembamba ka kusumbua waipa. Taa zinamulika mwanamke amesimama kando ya lami. Mrembo, mrembo sana, buibui jeusi, na manukato yake yakaingia kebini kabla yeye mwenyewe apande. Mjomba akasimama akambeba. Wakaenda kilomita kadhaa wakipiga stori, alafu lori likaingia shimo, buibui likajikunja, na mjomba akaona kwato. Kwato za punda, pale miguu ilifaa kuwa. Hapo sisi watoto tulikuwa tunapiga nduru tukiingia chini ya blanketi moja, na yeye anamalizia venye alipiga breki, akamvuta taniboi kwa shati wakaruka nje, na waliporudi alfajiri na madereva wengine kiti kilikuwa kitupu, manukato bado yapo.

Nimeikumbuka hii stori juu kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikisoma na kuangalia zile stori za giza, zile za mpelelezi na mvua na taa za rangi usiku, mwanamke anaingia kwa ofisi na shida ambayo si ile shida yake ya kweli, na hasa zile zilizohamishiwa kwa sayansi ya kubuni na fantasia, penye huyo mwanamke anaweza kuwa roboti ama jini ama mchawi wa miaka 300. Na nimefika mahali naona kuna kitu nyingi kati yazo zinakwepa. Zinauliza sana huyu mwanamke ni nini. Ni mtu ama si mtu, ako na miguu ama kwato? Lakini mpelelezi anayejua kazi yake hangeanza hapo, angeuliza ametoka wapi, anaenda wapi, nani amemtuma, na nani anakula huyu akifaulu.

Wacha nirudi nyuma kidogo. Hizi stori zilianzia Marekani kwa magazeti ya bei rahisi miaka ya 1920 na 1930. Dashiell Hammett, ambaye alikuwa mpelelezi wa kweli wa kampuni ya Pinkerton kabla ashike kalamu, alitoa The Maltese Falcon 1930 na ndani yake kuna Brigid O'Shaughnessy, anayeingia kwa ofisi ya mpelelezi Sam Spade na jina la uongo na machozi, na mwishowe Spade anampeana kwa polisi ingawa pengine anampenda. Vita Vikuu vya Pili vilipoisha filamu za aina hiyo zikafika Paris nyingi kwa pamoja, na 1946 mkosoaji Nino Frank akaona zote zimebeba giza moja, akaziita nyeusi, noir kwa Kifaransa chao, jina likashika mpaka leo. Na yule mwanamke naye akapata umbo lake: anavuta sigara, anasema nusu ya ukweli, na kila mwanaume anayemkaribia anaishia jela ama kaburini.

Chukua Double Indemnity ya 1944. Walter Neff anauza bima. Phyllis ni mke wa mtu, anataka bwana yake akatiwe bima bila kujua alafu afe, na akifa kwa ajali ya treni kampuni inalipa mara mbili. Mara ya kwanza nikiiangalia nilisema huyu mama ni shetani kamili. Mara ya tatu nikaanza kujiuliza, kwani huu mpango wa treni ni wa nani? Ni wa Walter. Yeye ndiye anajua vifungu vya bima, yeye ndiye amekaa miaka kazini akiwaza venye mtu wa ndani anaweza kuiibia kampuni, na anakiri hivyo mwenyewe, akijirekodi sauti ofisini usiku na risasi iko mwilini. Yeye ndiye anamuua yule bwana kwa mikono yake. Phyllis ana lake, simtetei, lakini ile akili ya mauaji ilikuwa ndani ya Walter ikingoja mtu wa kubisha mlango. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na sisi hiyo methali tumezoea kuwatupia wanawake peke yao, kumbe hapa mkakasi ni huyu muuza bima na kofia yake na tabasamu lake.

Na kwa nini lazima Phyllis afe? Kuanzia 1934 Hollywood ilikuwa na kanuni zenye meno, Hays Code, na moja ya mambo zilizotaka ni kwamba mhalifu asiachwe hivi hivi, mwisho wa filamu lazima alipe. Bila cheti cha hao wakaguzi filamu haikuwa na ukumbi mkubwa wa kuonyeshwa. Kwa hivyo mwanamke wa aina hii alikuwa ameshahukumiwa kabla kamera iwashwe, na watazamaji miaka nenda miaka rudi wakazoea kuona kifo chake kama haki yenyewe. Tusidhani hayo ni mambo ya Wazungu wa zamani. 2018 filamu ya Wanuri Kahiu, Rafiki, mapenzi ya wasichana wawili wa Nairobi, ilikuwa ya kwanza kutoka Kenya kuchaguliwa kwa tamasha la Cannes, na hapa nyumbani ikapigwa marufuku, na Kahiu mwenyewe alieleza kwamba bodi ya kukagua filamu ilitaka abadilishe mwisho, eti una matumaini kupita kiasi. Akakataa. Mahakama Kuu ikaifungulia siku 7 mwezi wa Septemba na kumbi zikajaa. Nikikumbuka hiyo wiki ndio huwa naelewa venye mwisho wa hadithi ni kitu watu wanaweza kupigania kortini.

Sasa, watu wengi hufikiri mrembo hatari alianza kwa wapelelezi alafu sayansi ya kubuni ikamkopa. Mimi naona walizaliwa nyumba moja, na huyu wa sayansi ndiye mkubwa. Metropolis ya Fritz Lang ilitoka 1927, miaka 3 kabla ya kitabu cha Hammett. Kuna mji, matajiri wako juu kwa bustani, wafanyakazi wako chini ya ardhi na mashine. Maria ni msichana anayewapa wafanyakazi moyo. Bwana wa mji, Fredersen, anaambiwa kuna fundi ametengeneza roboti, naye anaagiza roboti apewe sura ya Maria aende akawavuruge hao watu. Roboti anacheza dansi wanaume wenye suti wanataka kuuana, anashuka chini anawachochea wafanyakazi wavunje mitambo, maji yanafurika mpaka makwao, na wakigundua wamedanganywa wanamshika huyo roboti wanamchoma moto. Sawa. Na Fredersen, aliyetoa oda? Fredersen anashikana mikono na kiongozi wa wafanyakazi na filamu inaisha. Sisi Wakenya tuko na neno la hiyo, handisheki, wakubwa waliogombana wakipeana mkono.

Hapo ndipo ninapopataka. Mrembo hatari wa kwanza mkubwa wa sayansi ya kubuni alikuwa mali ya tajiri, alitengenezwa kwa oda, na ghadhabu yote ikamwangukia yeye. Na Lang huyo huyo alitoka Ujerumani 1933 baada ya Wanazi kushika serikali, akafika Hollywood, na akawa mmoja wa watu waliotengeneza hizo filamu za giza tunazozungumzia, The Woman in the Window ya 1944, The Big Heat ya 1953. Kile kivuli alikuja nacho kwa mzigo wake.

Kuna la Isaac Asimov pia, mwandishi wa sayansi ya kubuni, nitalipitia haraka. Mhariri John W. Campbell alikuwa anasema upelelezi na sayansi ya kubuni haviwezi kukaa chungu kimoja, juu mwandishi akibanwa anachomoa tu mashine mpya mfukoni na kesi imeisha. Asimov akamjibu kwa kitabu, The Caves of Steel, 1954, mpelelezi binadamu na mwenzake roboti, na dawa yake ilikuwa kwamba sheria za ule ulimwengu zielezwe mapema, roboti anaweza nini na hawezi nini, alafu usidanganye. Waandishi wa fantasia wangeisoma hiyo kila asubuhi. Kama jini wako anaweza kila kitu basi hana hatari yoyote, na pia hana haja ya kumdanganya mtu, anamdanganya ya nini?

Basi tufike kwa Rachael, huyu ndiye amenikalisha macho usiku mwingi.

Kuna Rachael wawili. Yule wa filamu, Blade Runner, 1982, anaingia akiwa amevaa kama amekatwa kutoka filamu ya 1944, mabega mapana, nywele zimebanwa, moshi wa sigara, na tayari sisi tunajua ni aina gani ya mwanamke, au tunadhani tunajua. Deckard kazi yake ni kuwinda watu bandia waliotoroka, anampima na mashine yake ya maswali. Kwa kawaida maswali 20 ama 30 yanatosha, kwa Rachael yanapita 100. Na kumbe yeye mwenyewe hajui. Ana picha ya mama yake, ana kumbukumbu za utotoni, na zote amepewa na kampuni, ni kumbukumbu za mpwa wa yule tajiri aliyemtengeneza. Sasa niambie, hatari yake iko wapi? Anamuokoa Deckard maisha, anampiga risasi mwanaume aliyekuwa karibu kumuua. Alafu kuna ile sini kwa nyumba ya Deckard, anataka kutoka, Deckard anafunga mlango kwa nguvu, anamsukuma ukutani na kumwambia maneno ya kusema, naye anayasema. Niliiangalia nikiwa na miaka 19 nikaiona mapenzi. Siku hizi naangalia mlango. Nimevalishwa stori ya mrembo hatari na kwa chumba hicho mtu wa kuogopwa ni mwingine kabisa, na muziki unaniambia nisiogope.

Rachael wa kitabu, kile cha Philip K. Dick kilichozaa hiyo filamu, Do Androids Dream of Electric Sheep?, 1968, ni mgumu zaidi na ndiye nampenda. Huyu anajua yeye ni nani. Anafanya kazi ya kampuni iliyomtengeneza, na kazi yake ni kulala na hawa wawindaji ili wakishamjua hivyo washindwe kuua watu bandia wengine. Ni mtego hasa, wa kawaida wa hizi stori, na anamwambia Deckard wazi baada ya tendo. Deckard anatishia kumuua, anashindwa, anaenda zake kuua wale watatu waliobaki, na mmoja wao ni wa modeli moja na Rachael, sura ile ile. Hebu fikiria hiyo, anaenda kumpiga risasi mtu mwenye uso wake. Na Rachael anafanya nini? Anapanda mpaka paa la nyumba ya Deckard na kumsukuma mbuzi wake chini.

Mbuzi, ndio. Kwa ule ulimwengu wa Dick vita vimeua karibu wanyama wote, na kuwa na mnyama wa kweli ndio heshima ya mtu. Deckard alikuwa amefuga kondoo wa umeme kwa aibu akiwaficha majirani, na pesa za kuwinda zilipoingia alienda kuweka deposito ya mbuzi, alafu alipe mdogo mdogo. Msomaji wa Marekani pengine anaona hapo kioja. Mimi nimekulia mahali mbuzi ni karo ya muhula, ni ruracio, yaani mahari, ni mgeni kuheshimiwa, na nilipofika huo ukurasa nilifunga kitabu kwanza. Rachael hakumgusa Deckard, hakumgusa bibi yake. Alichukua ile roho moja Deckard aliyoipenda, siku ile ile Deckard alipokuwa akichukua roho za watu wake kwa mshahara. Hizo ni hesabu. Ni kisasi cha mtu ambaye ameona kwamba machoni pa huyu mwanaume mbuzi ana uhai na yeye hana. Filamu haikuwa na mbuzi, na nadhani ndiyo maana Rachael wa filamu anatuachia huzuni tu, lakini wa kitabu anatuachia deni.

Ex Machina ya 2014 inasukuma hiyo hiyo mpaka mwisho. Ava amefungiwa kwa nyumba ya tajiri wa kompyuta, kijana Caleb analetwa kumpima kama ana akili, na baadaye inatoka kwamba sura ya Ava ilipangwa kutokana na picha za ngono ambazo Caleb alikuwa akitafuta kwa intaneti. Ava anamdanganya kijana, anamuua aliyemtengeneza, anatoka na kumwacha Caleb amefungiwa ndani. Nimebishana na marafiki juu ya huo mwisho mpaka chai ikapoa. Wao wanasema Caleb alikuwa mzuri kwake. Mimi nasema mfungwa haulizwi kwa nini hakumbeba mgeni wa askari jela. Lakini nakubali moja, kwamba filamu ingekuwa na nguvu zaidi kama ingetuonyesha hata dakika 2 za Ava akiwa peke yake akiamua juu ya Caleb, tuone kama ilimuuma. Ule mlango ukishafungwa tunabaki na uso tu, na uso mtu hujaza anachotaka.

Nairobi hatuhitaji kuazima mandhari ya hizi stori. Simama chini ya Expressway pale Mombasa Road usiku wa Aprili. Juu magari ya wenye kulipa yanapita bila kusimama, kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands, tangu 2022, na chini kuna foleni, matope, mama wa mayai na smokie amefunika trei na nailoni, alafu nganya, matatu iliyopambwa, ya Rongai inapita na taa za zambarau na kijani zinacheza kwa maji ya barabara. Mji wa juu na mji wa chini, Lang aliuchora 1927 na sisi tukaujenga. Na watu wa mji huu tunatembea na shaka mfukoni kama kitambulisho. Ukipigiwa simu na namba mpya unauliza kwanza, nani amekupa namba yangu?

Na mrembo hatari tuko naye, jina lake ni mchele. Kila mtu hapa anajua maana ya kuwekewa mchele: umekaa kwa baa, dada mzuri anakuja kwa meza, unaenda msalani ukirudi kinywaji kimeshatiwa dawa, unaamka kesho bila simu, bila pesa kwa akaunti, ama huamki. Hii si hadithi ya kuchekelea, kuna watu wamezikwa, kuna mtu wa mtaa wetu hakuwahi kurudi vile alikuwa, na wenye kufanya hivyo wanastahili sheria. Lakini sikiliza venye huwa inasimuliwa. Inasimuliwa kama stori ya jini. Yule dada anatoka hewani, hana kwao, hana mwenzake, anapotea hewani. Hakuna anayeuliza dawa ilitoka duka gani bila karatasi ya daktari. Hakuna anayeuliza simu 6 kwa wiki zinanunuliwa na nani, ama pesa ya akaunti ilitolewa kwa wakala gani saa tisa usiku, na kama kuna mwanaume kwa gari nje anayemngoja huyo dada na anachukua kiasi gani. Mpelelezi wa riwaya nzuri angekuwa ameshauliza yote kabla ya ukurasa wa 40. Sisi tunaishia kwa midomo iliyopakwa rangi nyekundu, na yule wa kwa gari anaendelea na biashara.

Nikiwa mdogo cucu, nyanya yangu, alikuwa na hadithi zake, na naona watu wamezisahau wakati ndizo zingetusaidia hapa. Kwa hadithi za Kikuyu yule mrembo wa kuangamiza mara nyingi ni mwanaume. Irimu, zimwi, anakuja kwa ngoma akiwa kijana wa sura, ngozi inang'aa, anacheza kuliko wote, wasichana wanamwacha kila mtu wanamfuata. Na kisogoni, chini ya nywele, ako na mdomo wa pili. Wakiwa njiani msichana anaona nzi anaingia huko nyuma na harudi. Mimi hiyo picha ya nzi huwa bado inanisisimua nywele. Na angalia kitu, kwa hadithi hiyo tunatembea na yule msichana, tunaona anachoona, tunahesabu hatua naye mpaka nyumbani kwa zimwi, na mara nyingi anatoka kwa akili yake ama ndugu yake anamfuata. Hakuna anayemlaumu zimwi kwa kuwa mzuri, wanamlaumu kwa kula watu. Kwa stori ya mjomba wangu ni kinyume, yule mwanamke hakumla mtu. Alibebwa tu, na alikuwa na kwato.

Na hata kwa riwaya ya Kiswahili tulishakuwa na mtu wa kutufundisha. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitoa Mzimu wa Watu wa Kale 1960, na mpelelezi wake Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, anakuta mtu ameuawa mahali pa mizimu, watu wanaogopa mizimu, na Bwana Msa anaanza kuuliza habari za watu walio hai. Ukoo, mali, nani anamjua nani. Mzimu ulikuwa pazia. Sisemi fantasia yote iishie hivyo, mimi napenda majini wawe majini, lakini hata jini wa kweli kwa hadithi anafaa kupelelezwa kama mtu, yaani apewe heshima ya kuwa na sababu.

Aliyenionyesha inawezekana ni Lauren Beukes wa Afrika Kusini, Zoo City, iliyotoka 2010 na kushinda Tuzo ya Arthur C. Clarke 2011. Kwa Johannesburg yake mtu aliye na damu mikononi anajikuta na mnyama wa kumfuata maisha yote, na kipaji fulani. Zinzi December ako na slothi, yule mnyama wa mitini anayeenda polepole, mgongoni na kipaji cha kutafuta vitu vilivyopotea. Anaishi Hillbrow, alikuwa mwandishi wa habari, alikuwa mtumwa wa dawa za kulevya, na deni la muuzaji wake analilipa kwa kuandikia matapeli zile barua pepe za mjane mwenye mamilioni. Yaani yeye ndiye mpelelezi na yeye ndiye mwanamke wa uongo, mtu mmoja. Tunajua deni ni la nani na linakua vipi. Anapodanganya tunaona mkono uliomshika shingo, na bado haachiliwi, Beukes hamwoshi, wanaotapeliwa wanaumia kweli. Ndicho kitu ninachokitafuta kila mahali na nakipata mara chache.

Kuna kikundi chetu cha kusomeana kazi, tunakutana Jumamosi kwa ukumbi mdogo huku Eastlands, vijana wengi, na wengi wanaandika sayansi ya kubuni na majini, kitu ambacho kinanipa furaha ambayo siwezi kuieleza. Lakini miezi 3 mfululizo nimesikia mwanamke yule yule. Macho ya kijani, gauni jekundu, anatokea ukurasa wa pili, anamsaliti staringi ukurasa wa 9, anakufa ukurasa wa 10. Niliuliza kijana mmoja, kabla aingie kwa hiyo baa alikuwa amekula wapi? Akanyamaza. Si kwa ubaya, alikuwa hajawahi kufikiria kwamba huyo mwanamke hula. Alafu mwezi uliopita dada mmoja akasoma yake, Nairobi ya miaka 40 ijayo, mwanamke anayeweka mchele lakini anachoiba ni kumbukumbu, anaziuza kwa matajiri waliochoka na maisha yao. Na stori inaanza asubuhi, akiwa amerudi keja, anaosha miguu kwa karai, simu inalia ni kampuni ya mkopo inatishia kupigia watu wote kwa namba zake, na kichwani amebaki na kumbukumbu ya mwanaume wa jana akifundishwa baiskeli na babake, hawezi kuitoa, na hakuwahi kuwa na baba. Ukumbi ulinyamaza. Bado anaogopesha, huyo mwanamke, pengine kuliko wote niliowataja hapa. Anaogopesha juu nilielewa kila hatua na sikupata mahali pa kusema mimi ningefanya tofauti.

Nilitoka hapo nikampigia mjomba. Siku hizi ako ushago, goti linamsumbua, lori aliliacha zamani. Tukasalimiana, akauliza kama nimekula, akauliza lini naenda nyumbani. Nikamwambia, mjomba, ile stori yako ya Maungu. Akacheka. Nikamuuliza, mlipiga stori kilomita kadhaa kabla uone kwato, si ndio? Mlikuwa mnaongea nini?

Akanyamaza mpaka nikadhani laini imekatika.

"Aliniambia anaenda Voi," akasema. "Mtoto wake alikuwa amelazwa. Alikuwa ameshikilia kachupa ka uji, kamefungwa na leso kasipoe."

Nimesikia hiyo stori labda mara 20 maishani mwangu na uji haukuwahi kuwemo. Nikamuuliza, sasa huyo mama alifika?

"Sijui, mwanangu. Tulimwacha pale."